Dozi Niliyomwongezea Karani

Alhamisi jioni, Tlawi. Julai hii baridi haina adabu. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na bado haujaondoka. Nguo nilizofua Jumanne ziko kwenye kamba na bado zina majimaji. Mkikuta makosa ya herufi mnisamehe.

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu wiki iliyopita niliandika hapa hapa jambo la kijinga, na baadhi yenu mkalisifia.

Kwa ambao hamjawahi kupita hapa: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi na baba yangu, mzee wa miaka sabini na nne, na paka wetu anayeitwa Karani. Karani ana kisukari. Ndiyo, paka. Hata mimi sikujua kwamba paka huugua sukari, mpaka mwaka huu alipoanza kunywa maji hadi bakuli linabaki kavu, anakojoa kila kona, anakula kuliko sisi na bado anakonda. Bwana mifugo wa kata alipomwona alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, hapa ng'ombe wanakufa kwa ndigana, wewe unaniletea paka?" Nikambeba paka wangu nikaondoka. Ningefungua mdomo ningemkosea.

Lakini Karani si paka wa kufukuza panya tu. Mama alipofariki, baba aliacha kuongea. Si kwamba aliugua. Alikuwa anakamua, analima, anaenda kanisani, anarudi, anakaa. Ukimwamkia anaitikia, basi. Ilikwenda hivyo miezi, mpaka siku moja nikamsikia jikoni anamweleza mtu habari za bei ya vitunguu swaumu. Nikachungulia. Alikuwa peke yake na Karani mapajani. Nilirudi chumbani nikalia. Tangu hapo baba alianza kurudi kidogo kidogo, akaanza kuongea na mimi pia, lakini mlango wa kurudia ulikuwa yule paka. Nilijiapia kwamba Karani hafi, kama ni kuuza mbuzi nitauza mbuzi.

Nikampata daktari wa mifugo huko Haydom, dada mdogo tu kwa umri, mpole, anayepokea simu. Akanifundisha yote: kumtoboa ukingo wa sikio, kuweka tone la damu kwenye mashine ya sukari, kumchoma insulini chini ya ngozi ya shingo. Dawa hunitumia kwa basi, ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi, na konda wa basi amezoea sasa, akifika Mbulu mjini ananipigia: "Mwalimu, chai ya paka imefika."

Masharti ya daktari yalikuwa matatu tu. Yuniti moja asubuhi, moja jioni. Asipokula, usimchome. Na usiongeze dozi bila kunipigia.

Namba za sukari zikakataa kushuka. Ishirini na mbili, ishirini, ishirini na nne. Nilimlisha mwenyewe, dagaa na maini na mabaki ya nyama, hakuna ugali, hakuna maziwa. Nilimwambia baba waziwazi kwamba ugali wa maziwa ni sumu kwa Karani. Nilimwambia mara nyingi, na si kwa sauti ya mtoto anayeongea na baba yake. Niliongea kama niko darasani. Baba akawa anaitikia, "Sawa, sawa," huku anaangalia pembeni.

Mimi nafundisha hisabati. Namba ikinikatalia naona kama inanidharau. Kwa hiyo nikaongeza hadi yuniti mbili. Baada ya siku chache, tatu. Sikumpigia daktari. Nilijua atasema nini, na sikutaka kuambiwa.

Kisha nikaja hapa kujitapa. Niliandika kwamba namba zisiposhuka msiogope, ongezeni kidogo kidogo, mtumie akili zenu. Kimbelembele changu hicho. Aya ile nimeifuta leo. Kama kuna mtu aliinakili, tafadhali aichane.

Jambo ambalo sikulijua, hadi leo mchana baba aliponieleza, ni hili. Kila alfajiri baba akienda kukamua, Karani humfuata zizini. Baba humega ugali wa jana, humimina maziwa ya moto kutoka kwenye chuchu moja kwa moja, huweka kwenye kifuniko cha sufuria, na paka hula pale pale kati ya miguu ya ng'ombe. Jioni vilevile. Mama alikuwa akifanya hivyo miaka yote, na baba hakuwa na moyo wa kuacha. Kifuniko alikisuuza mwenyewe kabla sijaamka. Mzee wa watu, nyumbani kwake, anaficha kifuniko cha sufuria asikemewe na binti yake!

Kwa hiyo mimi nilikuwa napambana na maziwa bila kujua. Yeye anamimina, mimi naongeza dawa.

Jumanne jioni baba aliacha kumkamua ng'ombe. Hakuna siri katika hilo. Ng'ombe ana mimba kubwa, na hapa kwetu kila mtu anajua kwamba ng'ombe akikaribia kuzaa unamkausha, unaacha kukamua ili apumzike. Aliniambia hata mezani, nikasema sawa, tutanunua maziwa ya chai kwa jirani. Haikunipitia kichwani hata kidogo kwamba habari ya ng'ombe ilinihusu mimi na sindano yangu.

Maziwa yakaisha. Karani akaletewa ugali mkavu, akaunusa akaondoka. Jumatano asubuhi namba ilikuwa kumi na nne. Jioni kumi. Leo asubuhi saba pointi nane.

Saba pointi nane, jamani! Nilipiga kelele ya furaha. Nilimwita baba aje aone mashine. Akaja, akatazama, akatabasamu.

Sasa naandika lile ambalo sijamwambia mtu. Sahani ya Karani ilikuwa imejaa. Dagaa wa asubuhi wote walikuwa pale, hajagusa hata mmoja. Niliiona. Sitasema sikuiona. Lakini leo ilikuwa zamu yangu shuleni, kengele inanisubiri mimi, ukungu huu, njia ina utelezi, na nilikuwa nimelewa ile namba nzuri. Nikajisemea atakula baadaye. Nikavuta yuniti tatu, nikamchoma, nikaondoka.

Saa nne tulikuwa ofisini tunakunywa chai. Nikasikia watoto wanacheka nje, kile kicheko cha kumcheka mtu mzima. Nikatoka nikawanyamazishe. Nikamwona baba anakuja uwanjani, amejifunga blanketi, hana hata kofia, ametembea mlima wote ule bila fimbo kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imembeba Karani. Sijawahi kumwona baba yangu anakimbia. Leo alikuwa anajaribu.

"Basilisa," akasema, "anakufa."

Kichwa cha Karani kilikuwa kimelala upande. Tulipomweka kwenye meza ya ofisi miguu ya nyuma haikusimama. Kisha akaanza kutikisika mwili mzima, mate yanamtoka, macho yako wazi lakini hayatazami mahali. Mwalimu Yasinta, ambaye nakaa naye dawati moja, alichukua bakuli la sukari ya chai bila kuulizwa na kulisukuma kwangu. Nikampigia daktari. Akaniambia haraka: "Lowesha sukari, mpake kwenye fizi kwa kidole. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa. Paka, paka, usiache." Nikapaka. Alining'ata kidole mara mbili bila kujua. Walimu wote wamesimama, chai inapoa.

Ndipo baba aliposema. Alisema polepole, mbele ya wote, kofia hana, matope hadi magotini.

"Mwanangu, labda ni mimi. Nilikuwa nampa maziwa na ugali. Kila siku nilikuwa nampa. Tangu juzi nimeacha, maana ng'ombe nimemkausha."

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Ile hesabu ilijipanga kichwani kabla hajamaliza sentensi. Maziwa ndiyo yalikuwa yanapandisha namba. Maziwa yameondoka, yuniti tatu zimebaki, tumbo tupu. Nilijua pale pale, kidole changu kikiwa mdomoni mwa paka, kwamba aliyefanya hivi ni mimi.

Na nikasema nini? Nikasema, kwa sauti, "Baba! Nilikukataza mara ngapi? Ona sasa ulichofanya!"

Mwalimu Yasinta aliangalia chini. Hapa kwetu mtu hamfokei hata mzee wa jirani, seuze baba yake mzazi, seuze mbele za watu. Baba alishika pembe ya meza akainamisha kichwa. Alikubali. Hilo ndilo linaloniua, kwamba alikubali.

Baada ya kama robo saa kutikisika kulikoma. Karani akameza. Akajaribu kunyanyua kichwa. Mwalimu mkuu aliniruhusu, tukarudi nyumbani, baba mbele na paka, mimi nyuma na bakuli la sukari la shule. Nyumbani nikampima: tatu pointi tano, bado iko chini. Akala dagaa wawili kwenye kiganja cha baba, na ugali kidogo, maana leo daktari mwenyewe ameagiza ugali. Nikampima tena saa nane, ikawa sita. Saa kumi, tisa.

Daktari alipiga tena akauliza dozi ilikuwa ngapi. Nikasema tatu. Daktari akashangaa: "Nani alikuambia tatu, mwalimu?" Hakuna mtu aliyeniambia. Amesema leo jioni nisimchome kabisa, kesho nimpime kwanza kisha nimpigie, na tutaanza upya na yuniti moja, huku chakula kikiwa kile kile kila siku na kila mtu nyumbani anajua amekula nini. Kuhusu macho hana uhakika. Karani hajaona vizuri tangu asubuhi. Amegonga mguu wa kiti, akagonga tena. Macho yanaweza kurudi baada ya siku chache, amesema, au yasirudi.

Hapa niliacha kuandika. Nilitaka kumalizia kwamba nimejifunza, kwamba kesho ni siku mpya, maneno kama hayo. Nikaona aibu. Nimeandika kurasa mbili kuwaambia watu nisiowajua, na baba yuko jikoni, hatua kumi kutoka hapa, anaamini kwamba yeye ndiye aliyemwangusha paka wake.

Nikaenda.

Alikuwa kwenye kigoda karibu na moto, Karani mapajani, na hakuwa anamsimulia chochote. Nikachuchumaa. Nikamwambia yote bila kuzungushazungusha. Kwamba maziwa hayakumwangusha. Kwamba niliongeza dawa mara mbili bila ruhusa ya daktari. Kwamba leo asubuhi niliona sahani imejaa na nikamchoma hivyo hivyo. Kwamba pale ofisini nilikuwa nimeshajua, na bado nikamtupia yeye.

Alimsugua paka nyuma ya sikio, lile lenye vidonda vidogo vya kutobolewa. Nilitegemea aseme haidhuru. Wazazi husema haidhuru. Nadhani nilienda pale nikitaka neno hilo.

"Mbele ya walimu ulisema ni mimi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Basi kaseme na mbele yao."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema kuni zimeisha. Nikamwambia nitasema kesho saa nne, wote wakiwa kwenye chai. Nikamwomba aje.

Akafikiri. Akasema atakuja kama Karani ataamka salama. Na asipoamka, niende peke yangu, niseme vilevile, neno kwa neno, nisije nikatumia msiba wa paka kujificha.

Nimerudi mezani. Nilikuwa sijafikiria hilo, kwamba ningeweza kujificha humo. Yeye amenijua kabla yangu. Kesho nitasimama pale ofisini, akiwepo au asiwepo, na sentensi ya kwanza itaanza na "mimi".