Kigoda Chini ya Maji

2 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Kazi haijakuchosha? Mimi mzima, ni magoti tu yanalia kama mlango mbovu. Anayeninyima raha ni mdogo wako, fundi wetu wa redio, Bisibisi. Bangi aliyoanza shuleni haijamwachia. Redio za watu anazifungua, kuzifunga hajui tena, na wenyewe wanakuja kuzichukua kimyakimya. Jana alipita mlango wetu akaenda kubisha kwa jirani. Nilicheka, kisha nikalia.

Wewe si unawapa panya bangi huko maabara? Mnawarudishaje?

Mama yako

20 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na magoti. Mimi sijambo, ila barua yako imenichoma.

Tunawadunga panya kemikali zilizotolewa kwenye bangi, kisha tunawatia waogelee kwenye beseni kubwa lenye kigoda cha kupumzikia, kilichofichwa chini ya maji. Panya mzima hukariri kilipo. Aliyepewa kemikali ya kulewesha huzungukazunguka tu. Akishindwa, namwongoza kwa mkono mpaka kigodani, namwacha akae apazoee. Mwisho tunawaua, tunautazama ubongo.

Tukiacha kuwadunga, wakubwa wengi hurejea. Walioanza wachanga, wengine hawarejei sawasawa. Ipo kemikali nyingine humo humo kwenye bangi, hailevyi, hata huwatuliza. Lakini panya si mtu, mama. Mpeleke kwa daktari.

Mwanao

11 Mei

Binti yangu,

U hali gani? Usininunie kwa kimya changu.

Kwa daktari alikataa katakata. Nikakumbuka ulivyosema kitulizo kimo humo humo, nikajiambia dawa ya moto ni moto. Nikawa namnunulia bangi mwenyewe, mimi mtu mzima na kilemba changu, avutie sebuleni ninapomwona. Alitulia kweli. Sasa ametulia mno. Namuuliza kama amekula, ananitazama mdomo tu. Nimpe zaidi?

Mama yako

19 Mei

Mama,

Shikamoo. Usimpe hata kidogo!

Zile kemikali sisi tunazitenganisha kwa mashine. Anayevuta anavuta zote pamoja, na inayolewesha ndiyo hujaa humo. Nilikuandikia kana kwamba nawaandikia wenzangu wa kazini. Nisamehe. Nimesomea ubongo miaka yote hii, na ubongo wa mdogo wangu sijui niushike wapi. Naogopa, mama.

Mwanao

2 Julai

Binti yangu,

Salama? Mimi namshukuru Mungu.

Nimeacha kumnunulia, naye hatafuti tena. Hatafuti chochote. Daktari amemwona, akasema tusubiri. Kila asubuhi namshika mkono kama mnavyofanya na panya wenu. Nampeleka karakana, namkalisha kwenye kigoda chake, namtia bisibisi mkononi. Nikigeuka, naye anainuka ananifuata. Kesho yake tunaanza upya. Majirani wanasema nalea mtoto mwenye ndevu, na mimi nawajibu kwamba ndevu namnyoa mwenyewe.

Niambie ukweli, mwanangu, nimechoka kubahatisha. Panya anayeongozwa kila siku na bado hajifunzi, mnamsubiri mpaka lini?

Mama yako

10 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa. Nimeandika jibu la swali lako nikalichana, nikaandika tena. Nimeomba likizo, nafika Jumamosi. Asubuhi yake nitampeleka karakana mimi, wewe upumzike.

Panya hao hatuwasubiri, mama. Wewe msubiri.

Mwanao