Safari ya Ziwani Wakati wa Kahawa

Jumatatu, 8 Julai 1996. Mbinga mjini.

Nimeondoka nyumbani kahawa ikiwa imeiva mtini! Hata kuandika naona haya. Kijiji chetu kizima cha Maguu kiko mashambani na vikapu, mimi nimepandishwa pikapu kama bibi harusi, kitenge kipya, viatu vya ngozi. Lakini mdogo wangu Eusebius hakunipa nafasi ya kukataa. Dada, umemwuguza baba, umemzika, matanga yamekwisha, sasa na wewe ukaone dunia. Vibarua ameshaweka. Mashine ya kumenyea ameshaitia grisi. Na mke wake Lidia pembeni — twende wifi, twende wifi. Nikapanda.

Basi niseme ukweli, maana humu hasomi mtu. Nimefurahi mno. Nina miaka hamsini na mbili. Siku isiyo na ukungu, ukisimama juu kwetu unaliona ziwa Nyasa kule chini, na sijawahi hata kunawa maji yake. Wenzangu walikuwa wanashuka kufuata samaki. Mimi nilikuwa na mtoto wa kulea, halafu nikawa na baba wa kuuguza.

Mtoto mwenyewe ndiye huyu dereva wangu. Mama alifariki yeye hajaanza kutembea, nikambeba mgongoni mpaka watu wasiotujua wakadhani nimemzaa. Leo bosi! Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua kahawa, naye ananunua. Ana pikapu, ana miwani ya jua. Ghala la ushirika limebaki na popo. Sina neno, mradi apime kwa haki.

Gesti. Godoro la sponji, mbonyeo katikati. Mgongo utakoma.

Jumanne, 9 Julai. Liparamba.

Milima, milima, milima. Mashimo yetu ya ngolo, tunayolimia miteremkoni, yamepangwa kuanzia bondeni hadi kileleni, na ukiwa ndani ya gari unayaona mazuri, kwa sababu huyachimbi wewe. Kisha baridi ikaisha, mashamba yakaisha, tukaingia msitu wa miombo. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno.

Tembo hatukumwona. Tumeona kinyesi chake, cha moto bado! Lidia akapiga kelele turudi garini. Halafu palahala — dume, pembe zimepinda nyuma, amesimama barabarani anatutazama kama sisi ndio tumeingia chumbani kwake. Eusebius akazima injini. Akaninong'oneza, dada, usisogee, huyu nimekuagizia wewe. Nimecheka mpaka machozi.

Tumefikia kwa katekista Kilian, ndugu wa upande wa baba. Ameshangaa kuniona. Kahawa je? Eusebius akasema, mwulize mwenyewe. Nikamjibu kwa maringo kabisa: kahawa nimemwachia Eusebius, mimi natembea! Kilian akanitazama kidogo. Akasema, haya, kama umeamua.

Wali kwa nyama ya kuku. Nimeoshewa na miguu. Naweza kuzoea mambo haya.

Jumatano, 10 Julai. Mbamba Bay.

Ziwa!

Sijui niandike nini. Tulikuwa tunateremka, kona juu ya kona, breki zinanuka, Lidia anasali rozari kwa sauti, mara kilima kikajitenga na maji yakatokea. Bluu mpaka mwisho wa macho. Nikamwambia Eusebius asimamishe gari. Nililia, naandika wazi. Nimemfikiria mama, ambaye naye alikufa hajafika.

Jioni tumekwenda kwa baba mdogo Mansuetus. Anaishi huku siku nyingi na mke wake wa Kinyasa, ila tangu baba afariki yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Amezeeka. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimepiga magoti, akaitikia marahaba, akaniuliza moja kwa moja, mbele ya wazee wenzake wawili: Scholastica, mikahawa umemwachia nani?

Nikasema, Eusebius, baba mdogo.

Kwa hiari yako?

Nikacheka. Kwani nimefungwa kamba? Kwa hiari yangu.

Wale wazee wakatikisa vichwa. Eusebius alikuwa anachora ardhini kwa kijiti.

Samaki mbasa wa kukaanga na ugali wa muhogo. Mbasa mtamu, ugali unanata. Baba mdogo anasafiri na sisi kesho, kifua kinamsumbua, anataka apelekwe hospitali akitoka huku. Kiti cha mbele ni chake. Mimi na Lidia nyuma kwenye bodi. Sawa, mzee ni mzee.

Alhamisi, 11 Julai. Liuli.

Siku nzuri kuliko zote. Jiwe kubwa la Pomonda majini. Nimeingia ziwani mpaka magotini, wimbi likanikalisha, kitenge chote chapachapa! Eusebius amekuja mbio na viatu vyake vya bosi, akaniinua, akanifuta uso kwa leso yake. Watoto wa pale wakapiga makofi.

Kanisa la hapa ni la Waanglikana. Nimepiga goti hata hivyo, Mungu ni mmoja na goti ni langu.

Jambo moja tu. Nilipokuwa naanika kitenge, Eusebius na baba mdogo walikuwa wanazungumza kwa Kimatengo, chini chini. Nilipowakaribia wakaanza kusifu upepo. Kwa Kiswahili. Na baba mdogo tangu jana hanitazami usoni. Nikamwuliza Eusebius, tunarudi lini? Dada, una haraka ya nini?

Sina haraka. Nimeuliza tu.

Ijumaa, 12 Julai. Lituhi.

Ngoja niandike kwa mpangilio, nisije nikapasuka.

Jana jioni tulifika hapa kwa Serafina, binti wa shangazi, ameolewa Lituhi. Tukalala. Asubuhi naamka, pikapu haipo. Lidia ananiambia wamemwahisha baba mdogo hospitali, kifua kimebana, Eusebius atatufuata Jumatatu. Nikasikitika, nikamwombea mzee. Mimi! Nikamwombea!

Mchana tuko ufukweni na Serafina, tunageuza dagaa wa usipa juani. Akasema, dada Scholastica, moyo wako ni mkubwa, mimi nisingeweza. Nisingeweza nini? Kuiacha ile miti ya mjomba. Lakini umefanya vizuri, umechoka, Songea utapumzika.

Songea?

Akaona uso wangu. Akaacha kugeuza usipa. Akasema taratibu, kwani si Jumapili sengu ya ukoo inakaa? Eusebius alituambia ndiyo iliyowaondoa alfajiri. Baba mdogo anakwenda kumkabidhi shamba.

Nikasimama, nikakung'uta mchanga.

Sengu ni kikao chetu. Wanaume wa ukoo wanakula pamoja na mkubwa wao, na wakishakula wanaamua. Na kwenye ukoo wetu mikahawa haina karatasi. Mtu akifariki, msimu wa kwanza baada ya matanga wanatazama kitu kimoja: nani anachuma. Anayechuma ndiye ameshika. Anayeiacha imeiva akaenda zake, ameiacha. Nalijua hili tangu nina akili! Mtoto wa Maguu anazaliwa analijua! Na bado nilipanda gari, nikapunga na mkono.

Sikuwa mjinga. Au nilikuwa mjinga wa aina nyingine. Sikuwahi kufikiri kwamba kati yangu na Eusebius kuna kuchuma na kuacha. Akichuma yeye nimechuma mimi, ndivyo nilivyoishi.

Nikamfuata Lidia chumbani. Sikupiga kelele. Nilimwuliza tu, naye akaanza kulia kabla sijamaliza. Kuna mfanyabiashara wa Songea anataka kuweka mashine kubwa ya kumenya kahawa, na pazuri ni kwetu, kijito kinapita shambani. Miti ya chini itang'olewa. Nyumba ya baba itakuwa ghala. Na mimi? Mimi nitakaa kwao Songea. Wifi, chumba chako nimeshakipaka chokaa mwenyewe. Nimekuwekea na pazia.

Pazia!

Kwa hiyo palahala alikuwa wa kunionyesha dunia, au wa kumwonyesha Kilian kwamba niko porini natazama wanyama kahawa inadondoka? Leso ya Liuli je? Alinifuta uso akiwa anajua. Alininyamazisha hivi hivi, kwa samaki na kwa mandhari, akanizungusha kila mahali penye masikio ya ukoo, na kila mahali nikafungua mdomo wangu mwenyewe nikamshuhudilia. Kwa hiari yangu, nilisema. Mbele ya wazee.

Angeniibia usiku ningemsamehe. Amenichukua mchana kweupe, nikimshukuru.

Kesho kuna lori la usipa linapanda. Serafina amekwenda kuzungumza na dereva. Lidia ananiomba nimsubiri mume wake, tuyaongee kama ndugu. Nimemwambia ndugu zangu wako kwenye miti.

Jumamosi, 13 Julai. Ruanda, kisha Mbinga.

Juu ya magunia ya usipa. Nanuka kama ziwa zima.

Tairi limepasuka Ruanda, kijiji cha njiani. Dereva, Joakim, mtu wa utani, amenikalisha kivulini. Mama, huko kwenu kuna msiba? Nikasema upo. Akanipa pole, akafungua nati haraka zaidi. Sikumdanganya.

Nchi nzuri hii barabara yote. Mabonde, mihindi iliyovunwa, moshi wa jikoni unapanda wima. Nimekasirika kwa kila kilima kilicho kizuri. Ningekuwa peke yangu ningepiga kelele, lakini kuna kuku wawili na mwalimu mstaafu.

Mbinga tumeingia giza likianza. Nimelala kwa masista. Wamenipa chai, hawakuniuliza kitu. Kesho alfajiri kuna gari la mbao linakwenda Maguu. Misa nitaikosa. Sijawahi kukosa misa nikiwa mzima.

Jumapili, 14 Julai. Shambani.

Naandika nimekaa chini ya mti. Sitoki hapa.

Nilifika watu wakitoka kanisani. Nyumbani mlango wangu una kufuli jipya. Uani wanawake wa jumuiya yangu wanapika chakula cha sengu, masufuria yangu, mafiga yangu. Valeria jirani yangu, tuliyepokea naye Kipaimara siku moja, akaniona wa kwanza. Akafuta mikono, akakimbia kunipokea mfuko. Karibu mgeni!

Hakusema kwa ubaya. Alifurahi kweli kuniona. Ndipo iliponichoma.

Nikampita. Nikashuka shambani. Mistari ya chini yote imeshachumwa, matawi yamevunjwa ovyo, vibarua wa mjini hawa. Iliyobaki ni ya juu, kahawa nyekundu tupu. Kikapu sina. Nikafunga kitenge kipya kiunoni, nikakunja pindo, nikaanza kuchuma.

Jumapili! Kwetu hata kuni hazipasuliwi. Wanawake wakatoka jikoni wakasimama, mikono mdomoni. Nikawasikia, ameingiwa na nini? Kule juu, barazani kwa sengu, sauti zikapungua, halafu zikaisha kabisa.

Baba mdogo akatuma neno. Niache kuchuma, nipande nikasikilizwe. Nikajibu, shikamoo yake mzee, lakini nitapanda nikimaliza. Nimalize nini? Nimalize kuchuma. Ndiyo kwanza nipo mti wa pili. Najua hesabu yao. Nikipanda kule, nimeacha tena. Nisipopanda, nimemdharau mkubwa wa ukoo. Wanaweza kunihukumu kwa lolote watakalo, ila wanikute hapa.

Mikono inanata. Kitenge kimelowa maji ya kahawa, hakitatakata tena.

Sasa Eusebius amekuja. Ameteremka peke yake, bila miwani. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Lituhi, makali, ningemvua nguo kwa maneno. Amekaa pale mwisho wa mstari, kwenye majani, na suruali yake ya kunyoosha. Nami nimekaa. Nimetoa daftari ili mikono iwe na kazi.

Kule juu hakuna anayekula, wanatusubiri.

Amesema, dada, ningekutunza.

Nimegeuza ukurasa.

Ameuliza Lidia nimemwacha na nani kule Lituhi. Amesema mfanyabiashara wa Songea ameshaweka sahihi. Naandika tu. Sauti yake inakwaruza, hajalala huyu. Macho yamemwingia ndani. Tangu Ijumaa atakuwa barabarani bila kitu tumboni, namjua, akiwa na wasiwasi hali chakula.

Sasa amesema hivi, kwa Kimatengo, taratibu kabisa, kama alivyokuwa anasema akirudi shule: dada, nina njaa. Njoo unipikie.

Jikoni kuna wanawake kumi wanapika. Anataka nipike mimi.

Ninaandika. Sijainuka. Mguu mmoja umeshajikunja wenyewe, umekaa mkao wa kuinuka, nimeuwekea daftari juu. Yupo, hasogei, ananitazama. Anajua vizuri kabisa kwamba sijawahi kumwacha na njaa.