Kompyuta ya Picha za Maharusi

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Imekwama tena! Nawasha, inaniuliza: Linux au Windows? Nachagua Linux — nembo inatokea, kimya. Nachagua Windows — viduara vinazunguka, vinazunguka, vinasimama. Kaka yangu Sadiq ndiye aliyeniwekea mifumo yote miwili kabla hajaenda Maskati. Linux ya picha zangu, ati virusi havitaingia. Havikuingia, kweli. Hata mimi siingii!

Picha za usiku wa wanawake, harusi ya Hadil ya wiki jana, zote zimo mle. Kadi ya kamera nilishaifuta nikapigia harusi nyingine. Mjinga mimi.

Jumapili, 9 Novemba

Sadiq kwenye WhatsApp: bonyeza herufi e, ongeza neno hili, washa. Ikaanza! Nikapiga kelele peke yangu. Ikakwama. Nimewasha mara nane, inalia kri, kri.

Mpe fundi, anasema. Rahisi kusema ukiwa mbali. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu wa Mkomani wamo mle, vichwa wazi, wanacheza. Wananiruhusu kuingia na kamera kwa ahadi moja: mwanamume haoni. Na mafundi ninaowajua wote ni wanaume.

Jumatatu, 10 Novemba

Mara kumi na nne. Kri, kri.

Jumanne, 11 Novemba

Inna lillahi. Bi Mwanamkisi, nyanyake Hadil, amefariki alfajiri. Msibani bintiye, Bi Thuwaiba, alinishika mkono: Rawiya, mama alicheza usiku ule, ulimpiga picha? Nilimpiga. Kajifunga leso kiunoni, anacheka mpaka ufizi. Maisha yake yote alikataa picha, ila ya kitambulisho. Nikasema ninazo. Sikusema ziko wapi.

Nimerudi nikawasha. Mara sita. Sasa hata haiulizi Linux au Windows.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeshindwa. Nimemwita fundi Taha wa Kizingitini. Mtu wa adabu — kaketi dakani, pale kibarazani mlangoni, mimi ndani, mlango nusu wazi. Aliposikia ile kri kri tu: zima, Bi Rawiya, zima! Diski inakufa, na kila nilipowasha nimezidi kuiua. Ungeniita siku ya kwanza... akasema. Karibu mara thelathini niliwasha! Kuzificha kwangu ndiko kulikoziangamiza. Naona aibu hata kuandika.

Labda ataokoa baadhi, kwa mashine yake. Lakini zitapita kwenye skrini moja moja, na lazima yeye azitazame, diski ikikwama airuke ile picha. Nikauliza, mimi siwezi kukaa mahali pako? Akasema ukikosea mara moja tu, basi.

Bi Thuwaiba amekuja baada ya hitma ya mamake. Nimemweleza yote, hata zile mara thelathini. Akasema:

"Mato ya waume hayakupata kuona nywele za mamangu. Leo nimfunue mimi, naye hawezi kukataa?"

Halafu akalia. Hana picha nyingine, na sura ya mama imeanza kumtoka, siku ya tatu tu! Nikamuuliza, nifanye nini? Akasema amana nilipewa mimi, niamue mimi. Na wale wanawake wengine, niwaulize mmoja mmoja? Wengine sasa wako kisiwani Pate.

Diski, Taha keshaitoa kwenye kompyuta, imo mapajani mwangu, nimeifunga kwa leso. Taha amekohoa dakani: aende au angoje? Nilimwambia angoje kidogo. Saa nzima imepita sasa.