Kikombe cha Kahawa Juu ya Punda wa Maskati

Omari wangu amekubaliwa kuoa, na punda wake hauzwi. Salamu, mdogo wangu Zuhura, na wote hapo nyumbani Unguja. Mimi mzima huku Bagamoyo, ila mvua haitupi nafasi.

Shangazi wa binti aliweka sharti: Omari achague mke au punda. Punda mwenyewe ni Maskati mweupe, mji mzima huu hana wa pili, na mwanangu humpaka hina miguuni kwa mkono wake. "Kijana wako keshaoa, mama," shangazi akaniambia mbele za watu. Nikamjibu, "Anayemtunza mnyama hivi atamtupa mke? Panda, uone."

Akaitisha kikombe cha kahawa, kikajazwa hadi mdomoni. "Likimwagika tone moja, amuuze."

Omari hampi mtu punda wake, hata mimi niliyemzaa. Lakini alimpandisha bibi yule na kikombe chake mkononi, akashika hatamu, akaenda kwa miguu matopeni kutoka msikitini mpaka forodhani. Punda akaenda mwendo ule laini wa punda wa Maskati, kama mtu umelala kitandani. Mimi nyuma nasoma sura zote nizijuazo, nazo si nyingi.

Walipofika, shangazi akainywa kahawa yote hukohuko juu. "Imepoa," akasema, "lakini imetimia." Kisha akakataa kushuka mpaka arudishwe kwake.

Mungu awape bahari tulivu, mje nyote bila kubaki mtu. Arusi ni Ijumaa ya kwanza ya Mfungo Mosi, baada ya sala.