Unga wa Salama

Lubumbashi, Hewa Bora
Alhamisi

Kwa yaya wangu, dada mkubwa Veronika, huko Kongolo,

Nakusalimu kwa mikono miwili, yaya, na kabla hujaniuliza habari nakuuliza mimi kwanza. Mgongo wa mama unaendeleaje? Bado anabishana nawe kila asubuhi kuhusu kwenda shambani? Na mihogo ya kando ya mto, mvua iliiacha au imeoza tena? Watoto wako nawaota mara kwa mara, ila nawaota wadogo, vile nilivyowaacha, na najua wameshakuwa wakubwa wa kunicheka. Sisi huku tunapumua. Siwezi kuandika kwamba tuko wazima, maana barua hii nimeianza ili angalau mahali pamoja niseme kweli.

Itabebwa na Baba Yohani, yule muuza mawese, anayepanda treni kurudi huko wiki hii. Kwa simu siwezi. Simu yenu inasikilizwa na ua mzima, mama amekaa mbele, na kwangu salio linakwisha kabla sijamaliza kulia. Ndiyo maana ulipopiga mara ya mwisho nilisema Marseli ana homa kidogo. Nilikudanganya, yaya. Shemeji yako amelazwa hospitali kubwa, na kesho watamkata mguu wa kushoto, chini ya goti.

Kaa kwanza, ndipo usome mengine.

Unajua Marseli anafanya kazi kwenye kiwanda cha shaba, upande wa Ruashi, kwenye pampu za asidi. Asidi ndiyo inayoyeyusha lile jiwe ili shaba itoke. Zaidi ya hapo sielewi, ila najua inavyotoboa suruali, kwa kuwa mwenye kuzishona ni mimi. Sasa pale kiwandani kuna kitu wanakiita unga wa salama. Kila mwisho wa mwezi, kundi la kazi ambalo hakuna mtu wake aliyeumia, kila mmoja wao anapewa mfuko wa unga wa mahindi. Akiumia mmoja, kundi zima linakosa. Aliyebuni jambo hilo labda aliwaza mema, kwamba watu watachungana, kila mtu awe jicho la mwenzake. Lakini huyo hajawahi kusimama mbele ya sufuria ya maji yanayochemka akiwa hana cha kutia ndani. Watu wakachungana kweli, ila wakachungana midomo. Mtu akipondwa kidole anakificha mfukoni. Akiungua mkono anavaa glavu, ndiyo siku utakayomwona na glavu! Kulikuwa na mzee mmoja wa kundi lao, Papa Donati, aliyevunjika mkono akaenda kusema. Unga ukakosekana, na mke wake akawa anachota maji bombani bila mtu wa kumtwisha ndoo. Wote waliona, na wote walielewa.

Na nisikufiche, unga ule tuliupenda. Mwisho wa mwezi Marseli alikuwa anaingia uani na mfuko begani, anapiga mluzi, nami namtania kwamba mimi nimeolewa na mfuko, yeye ni mchukuzi tu. Anacheka, anakaa, anaomba nimsongee bukari kabla sijafungua hata uzi.

Haya yanayofuata nimeyapata kwa Seba, rafiki yake wa kazini, ambaye alikuwa naye siku hiyo. Mwezi ulikuwa unaelekea kwisha. Bomba la asidi likapasuka kwenye kiungo, likammwagia Marseli mguuni, na buti lake lilikuwa na ufa. Alikuwa ameomba jipya stoo tangu kiangazi, akaambiwa asubiri. Asidi ikaingia ndani ya buti ikakaa. Na karibu kabisa na pale, yaya, kuna bafu lililojengwa kwa ajili ya jambo hilohilo. Unavuta mnyororo, maji mengi yanakushukia kama mvua ya masika. Ila mnyororo ukivutwa, kengele inalia ofisini, na ofisi ikisikia, unga umekwenda. Seba alikimbilia ule mnyororo akaushika. Aliyemzuia si kapita, msimamizi wao, wala si mwingine yeyote. Ni Marseli mwenyewe.

“Seba, usikokote!” alisema huku ameuma meno. “Kengele itasikilika ku biro. Siku kidogo tu njo inabakia.”

Seba akauachia. Wakampeleka nyuma ya kontena, wakamvua buti, wakammwagia chupa ya maji ya kunywa, basi. Kisha akalivaa tena buti lilelile lenye asidi, maana angetoka vipi mguu mtupu? Akamaliza zamu amekaa, wenzake wakifanya sehemu yake. Jioni alipita getini mbele ya walinzi akiwa anacheka, ili wasitazame anavyokanyaga.

Mimi aliniambia amechomwa na bomba la moshi la pikipiki. Yaya, nani katika mji huu hajachomwa na bomba la pikipiki? Mimi mwenyewe nina alama. Lakini bomba linachoma kando ya mguu, haliendi kuingia katikati ya vidole. Soksi ilikuwa imeshikana na ngozi. Nilipoivuta alinikamata bega kwa nguvu zote wala hakulia.

“Marseli,” nikamwambia, “hii haiko pikipiki.”

“Iko pikipiki,” akanijibu. “Utasema vile kwa kila muntu, mupaka bunga itoke.”

Nilikasirika mpaka nikatoka nje. Unanijua mdomo wangu, siku ile nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa kwa sababu labda mama yupo karibu yako. Lakini asubuhi nilimpeleka zahanati ya mtaani, na nesi alipouliza, Marseli akajibu pikipiki, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikitazama ukuta. Nesi akapaka dawa ya kuungua, akafunga bandeji, akaturudisha nyumbani. Simlaumu. Alitibu kile alichoambiwa.

Halafu wakaja wanawake, wake za wenzake wa kazi. Walikuja baada ya misa, wamevaa vizuri, wakiongozwa na Mama Seba, mkewe Seba, ambaye tunasali naye katika shirika moja la parokia na ndiye aliyenishikia mtoto wetu Shantali siku ya ubatizo. Walileta meka moja ya unga, lile kopo tunalopimia sokoni, wakaiweka miguuni pangu kama watu waliokuja kuposa.

“Mama Shantali,” Mama Seba akasema, “shiye tulikuya kukupa pole. Na tena tuko na neno. Tafazali, usiende kusema ku kiwanda. Ukisema, bantu bote banakosa bunga. Na tena batabafukuza, juu balificha.”

“Na mguu yake je?” nikamuuliza.

“Bwana yako eko muntu wa nguvu. Ni kidonda tu, itapona. Tunakuombea kila siku.”

Ningeweza kuwafukuza. Nilitazama nyuso zao nikaona ni njaa tupu iliyovaa vitenge, njaa ileile iliyomo ndani mwangu. Mmoja wao ana mapacha wanaonyonya. Nikasema sawa. Nikawapa hata maji ya kunywa. Nao kweli waliomba, yaya, walipiga magoti pale sebuleni wakamwombea Marseli, na mguu ulikuwa chumba cha pili unaoza.

Mama alikuwa akituambia tukiwa wadogo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nafikiri ni maneno ya kutulazimisha kunywa kwinini.

Unga ulitoka. Seba ndiye aliyeleta mfuko wetu, akauweka mlangoni, hakukaa. Niliupika, sitakudanganya kwamba niliumwaga. Watoto walikula wakashiba. Marseli akasukuma sahani, na jasho lilikuwa linamtoka kama mtu aliye shambani. Kwa mara ya kwanza nilisikia harufu hata kabla ya kufungua bandeji. Vidole vilikuwa vyeusi. Hapo nikamwambia, sasa bunga imetoka, na mimi nakwenda kusema.

Nikaenda kiwandani. Yule bwana wa usalama wa kazi si mtu mbaya, alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Akamwita kapita, akawaita na wengine mmoja mmoja, Seba naye. Mimi nimekaa palepale. Kila mmoja aliulizwa kama siku ile kulitokea jambo, na kila mmoja akajibu hakuna. Seba alijibu akitazama viatu vyake. Nilitaka kumrukia, na wakati huohuo nilijua akisema ndiyo, jioni hana kazi, yeye na kundi zima. Papa Donati peke yake hakuulizwa kitu, kwa kuwa tangu alipovunjika mkono hayupo tena pale.

“Mama, minakuamini,” yule bwana akaniambia walipotoka. “Lakini bwana yako mwenyewe alisema ni pikipiki. Ku zahanati alisema pikipiki. Benzake banasema hakuna kitu. Sasa mi nitasema nini kwa bakubwa bangu?”

Kwa hiyo hospitali ya kiwanda haikumpokea, kwa sababu wao hawatibu pikipiki. Nimemleta hapa hospitali kubwa kwa nguvu za majirani. Daktari alipofungua aliuliza tena ni nini, na safari hii nilijibu mimi. Nikasema asidi. Akatikisa kichwa.

“Mama, kama balimumwangia mayi mingi palepale, leo angekuwa anatembea,” akasema. “Sasa tukingoya, hatutapoteza mguu tu.”

Tangu siku hiyo sina kitu kingine kichwani ila ule mnyororo. Nikitwanga, nauona. Nikifumba macho misani, nauona unaning’inia tu na hakuna anayeuvuta. Namchukia aliyeleta unga, nawachukia Seba na mke wake, namchukia Marseli kuliko wote, kisha namtazama amelala, amekonda, na ninamwosha uso. Yaya, nimechoka kumkasirikia mtu ambaye nampenda. Mungu nimemwita mpaka nimenyamaza.

Siku nyingi Marseli alikataa kukatwa. “Muntu wa mguu moja ataingia kiwanda gani?” ndilo neno lake, na jibu ni hakuna. Kwenye pampu wameshamweka mtu mwingine. Kundi lao mwezi huu pia liko salama, wanasubiri mfuko wao. Jana homa ilimshika akaanza kumwita marehemu baba yake, na alipopata fahamu nikamwambia Shantali anataka baba, hajasema baba wa miguu mingapi. Akageukia ukutani, akasema sawa, wakate. Alilia kwa sauti, mbele ya wagonjwa wengine.

Leo nesi ameniambia kesho nije na kitambaa, kwa sababu mguu tunapewa sisi wenyewe tukazike. Nilidhani sikumsikia. Yaya, mambo haya sijafundishwa. Mguu wa mtu aliye hai unazikwa wapi? Unaombewa? Ni mimi mke ninayeubeba, au ni haki ya ndugu zake? Kwetu wangejua la kufanya, na wazee wangekaa wakasema. Huku niko peke yangu na kitenge changu cha harusi, maana ndicho kizuri nilicho nacho. Seba alikuja mchana, akasimama kando ya kitanda, akasema kaburi atachimba yeye. Nimemwambia achimbe.

Basi niombeeni, ingawa barua hii ikifika yatakuwa yameshatokea. Nisalimie mama, umfiche mpaka mgongo upoe, kisha umwambie taratibu. Msalimie shangazi msuka mikeka, na kaka mkubwa wa Marseli, yule seremala. Umuulize kama anaweza kuchonga magongo ya mti mgumu, Marseli ni mrefu, asisahau. Mpelekee mama mkwe wangu salamu za peke yake, umshike mkono kabla hujafungua mdomo. Na watoto wako wote, kila mmoja kwa jina lake.

Nakuandikia hapa kando ya kitanda chake, saa za kutazama wagonjwa. Ameamka sasa hivi, ananiangalia ninavyojaza ukurasa. Ameniambia wenzake ndio watu pekee wanaokuja kumwona, nisiwaharibie, na ameniuliza huko nyumbani nimewaandikia ni nini kilichomchoma.

Nimemwambia nimeandika ni pikipiki.

Mdogo wako,
Anjelani