Nikeli, Bati na Pumzi Zako

Baba yangu mpenzi,

Sabalkheri. Najua ungenijibu "masalkheri", kama ulivyonijibu kila Jumapili kwa miaka mitatu niliyosoma Kanada. Kwangu kulikuwa ndiyo kwanza kumekucha, kwako alasiri imeshaswaliwa, na hakuna kati yetu aliyekubali kuamkia kwa saa za mwenzake. Leo tuko mji mmoja, mimi juu ya ardhi na wewe chini yake.

Naandika chumbani kwako, dirisha la barabarani limefunguliwa. Tuktuk imekwama hapo kwenye kona na watu wanaisukuma kwa makelele. Mama yuko chini na wageni. Bado wanakuja.

Nakumbuka Jumapili moja ya mwaka huo wa mwisho niliyokupigia simu nikipiga kelele kama mtoto. Nilikuwa nimeliona jiwe langu kwenye hadubini kwa mara ya kwanza. Ukaniuliza, "Dhahabu?" Nikakwambia ni adimu kuliko dhahabu, lakini haliuziki. Linaitwa nisnaiti. Ni nikeli na bati vilivyoungana vyenyewe ndani ya mwamba, nikeli sehemu tatu, bati sehemu moja.

"Bati nalijua," ukasema. "Na nikeli ndiyo ile waliyopaka spana zangu. Lakini vitu hivyo mtu huviunganisha kwa moto. Huko ardhini aliviunganisha nani?"

Maprofesa wangu hawakuwahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Nilikujibu nusu saa nzima, nawe ukanisikiliza. Nilikwambia chembe zake ni ndogo hata huwezi kuzishika kwa vidole, na ukizikuza zinang'aa rangi ya sinia la shaba lililosuguliwa vizuri. Nilikwambia bati ardhini halipendi kukaa bila oksijeni, karibu kila mahali utalikuta limeshikana nayo, ndiyo maana kulikuta limekumbatiana na nikeli tupu ni jambo la nadra sana. Lazima liwe ndani ya mwamba ambao maji ya moto yameupitia na kuugeuza mpaka oksijeni ikawa adimu humo. Mwamba wenyewe ni wa kijani, unateleza kama sabuni, na katika nyufa zake humea nyuzi nyeupe, laini kama pamba.

"Nyuzi gani?" ukauliza.

"Asbesto, Baba. Mgodi wenyewe ulikuwa wa asbesto. Umeshafungwa."

Nikadhani mtandao umekatika.

"Baba?"

"Nipo. Wavaa kitambaa puani ukilikata hilo jiwe?"

"Navaa barakoa ya kazi hasa."

"Vaa, mwanangu. Usisahau hata siku moja."

Tangu hapo ukawa unaniuliza hivyo kila tukizungumza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Nami nikicheka. Niliwasimulia wenzangu maabara kwamba baba yangu, fundi wa bandarini aliyestaafu, ananisimamia kutoka Mombasa. Ulikuwa ukikohoa. Ulisema ni mafua, nami nikakuamini, kwa sababu ilinifaa kukuamini. Nilikuwa na vipande vya mwamba vya kupima.

Kinachoniua ni kwamba nilikuwa nimesoma yote. Nilijua nyuzi zile hukaa mapafuni miaka thelathini, arubaini, bila kusema neno. Nilifanya mtihani juu yake, nikafaulu. Na sikuwahi kuiunganisha elimu ile na wewe.

Ulifanya kazi katika karakana ya meli, ukifunga mabomba ya mvuke kwa nyuzi zile zile, mlizoziita pamba ya moto. Ulirudi kwa miguu ukipita Ngome ya Yesu, ovaroli yako nyeupe kwa vumbi begani hadi magotini, na mimi nilikuwa nikikukimbilia mpaka pale penye duka la kahawa. Ulinibeba. Nililaza uso wangu pale pale kifuani. Mama akaikung'uta ovaroli uani, mimi nikachezea lile vumbi sakafuni, nikichora samaki kwa kidole, nawe ukisema, "Huyu samaki mbona hana mkia?" Hakuna aliyetuambia. Hata wewe hukuambiwa.

Ulipofariki, ndugu walikuzika siku hiyo hiyo, kama inavyopasa. Mimi nilifika siku ya tatu. Mama alinipokea mlangoni akasema, "Alikuwa akikutaja." Wakaniambia ni mapafu. Nikauliza mapafu yana nini. Hapo akasimama Ami Salimu, rafiki yako mliyefunga naye mabomba, akanishika mkono akanitoa nje.

"Babako alijua," akaniambia. "Mwaka mzima. Daktari alimuuliza ujanani alifanya kazi gani, akamweleza, naye daktari akamwambia kila kitu. Mimi nilikuwapo."

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimwambia, mwambie mtoto. Akasema, 'Nikimwambia atarudi. Na akirudi, hilo jiwe hataligusa tena. Nami nampenda akilisimulia.'"

Baba, nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Kumbe zile Jumapili zote ulikuwa ukinisikiliza nikiusifu mwamba ule ule unaoota nyuzi zilizokuwa zikikukaba. Sijui kama za mapafuni mwako zilitoka mgodi ule au mwingine, na siwezi kujua. Ila wewe ulijua nyuzi hizo ni ndugu, na hukunikatisha hata mara moja. Uliniuliza tu kama nimevaa kitambaa.

Nimekukasirikia. Nakuambia ukweli kwa sababu hukupenda kudanganywa. Ningerudi, ndiyo. Ningekaa hapa kitandani nikakunywesha uji na ungenitukana kwa kuacha masomo, na tungekuwa na mwaka. Uamuzi ule ulikuwa wangu, ukanichukulia.

Mama nimempeleka kupigwa picha ya kifua. Alikataa mara mbili, akasema, "Nikiambiwa nitafanya nini?" Nikamwambia nitapigwa mimi kwanza, akafuata. Mapafu yetu ni safi kwa sasa. Tumeambiwa turudi kila mwaka.

Kisha nikamwomba Ami Salimu anitajie wote mliofunga mabomba pamoja. Mlikuwa wanane. Tulikwenda nyumba hadi nyumba, yeye akisimama kila hatua chache kupumzika, na kila akisimama nilisikiliza pumzi zake. Nyumba nne tulifunguliwa na wajane. Niliwaeleza juu ya nyuzi kwa maneno yale yale niliyokuelezea wewe, na niliwasihi wao na watoto wao waende wakapimwe. Mmoja, anayeuza kanga Biashara Street, alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mlango.

"Sisi tuliambiwa ni pumu," akasema. "Tulimnunulia dawa ya pumu mpaka akafa."

Akaniangalia sana.

"Na babako alijua?"

"Alijua."

"Asituambie?"

Ami Salimu akainamisha kichwa. Hasira yangu yote ilikuwa pale pale kifuani, na mama yule alikuwa na haki nayo kuliko mimi. Nilifungua kinywa nikubali kwamba ulikosea. Badala yake nikajisikia nikisema, "Alikuwa akiningoja nimalize masomo," nikalia mlangoni pa mtu, na mama yule akanivuta ndani.

Lala, Baba. Mungu akupe nafasi ya kuvuta pumzi.

Mimi binti yako, uliyembeba kifuani