Nguchiro Ni Mimi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua marahaba yako imefunikwa na udongo, lakini usije ukasema mwanao alikwenda Geita akasahau adabu. Adabu ninayo, na suruali mpya ya kaki ninayo. Mgodini hakuna anayesukuma toroli la mawe kama mimi. Huko uliko wakibisha, waambie waje tushindane. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa shule ilinichoka mapema. Herufi zikilala, ziinue.

Unakumbuka nilipougua, wakati ule nachunga ndama? Ulikuwa mwalimu wa kanisa pale kijijini, mtu wa benchi la mbele, unayewahimiza watu waache mambo ya kale. Uliniombea mpaka sauti ikakauka. Homa ikakaidi. Ndipo ukamchukua yule kuku mwekundu ambaye Mama alimtenga kwa sadaka ya mavuno, ukamficha ndani ya koti la Jumapili, ukampelekea nfumu, yule mpiga ramli, ampasue, asome matumbo yake, aone nani ananiroga. Kuku wa Bwana, Baba! Si ungechukua hata yule jogoo kilema?

Mama alipouliza kuku yuko wapi, ulijibu, "Kaliwa na nguchiro."

Nikapona. Jumapili ya shukrani wazee wa kanisa wakanisimamisha mbele kama ndama wa mnadani, vigelegele vikapigwa: maombi ya Mwalimu yamejibiwa! Ukasimama. Nilidhani unaanzisha wimbo.

"Nguchiro ni mimi," ukasema. Ukaeleza yote, mpaka koti.

Mama alijifunika kanga usoni. Mzee wa kanisa akakuuliza, "Mtoto akiugua tena, Mwalimu, utakwenda kule?"

Ulinitazama mimi, si yeye. "Sijui."

"Sema hapana tu, yaishe."

"Nikisema hapana, nitakuwa nimesema nguchiro mara ya pili."

Wakakupeleka benchi la nyuma, lile lenye ubao uliopasuka unaobana suruali, wakakufungia meza ya Bwana. Kila mavuno walikuuliza tena, na kila mavuno ulijibu vilevile. Watoto wakawa wananiwikia njiani: "Kokoriko! Mwana wa kuku!" Niliwatandika. Unajua mwenyewe, kijiji kizima hakuna aliyeniweza.

Siku moja ukikamua nilikuambia, "Baba, neno moja tu. Hapana. Linakushinda nini?"

Hukuacha kukamua. "Ng'wanawane, mwanangu, Mungu aliniona nikipita na kuku. Sasa nimwambie hakuniona?"

Nilikasirika, Baba. Nilikwenda Geita na hasira ile, sikukuaga vizuri. Habari zako zikanifikia kwa mdomo wa utingo wa lori la pamba: umefariki, umekwisha kuzikwa, na meza ya Bwana hukuigusa tena. Nililia nyuma ya toroli. Wenzangu niliwaambia ni vumbi la mawe.

Jumapili iliyopita nikaja nyumbani. Niliapa nitapokewa mezani, nikae benchi la mbele, niifute aibu yetu. Wazee wakanihoji mbele ya watu. Amri za Mungu niliziteremsha kama mvua, we acha tu! Mama akaanza kutabasamu. Kisha yule mzee aliyekuhoji wewe, sasa ana mkongojo, akauliza:

"Mtu akikuita tena mwana wa kuku, utampiga?"

"Hapana" ilikuwa imeshafika ulimini, tamu. Nikaikumbuka ile sura yako ukinitazama.

"Sijui, mzee."

Akashusha pumzi. "Damu ileile." Akaelekeza mkongojo nyuma.

Baba, ule ubao bado unabana. Umeichana suruali yangu ya Geita. Nilikaa pale nikiutazama mkate unapita kwa wenzetu, unakomea mbali nasi, nikajua njaa uliyokaa nayo miaka yote. Nilidhani ni ukaidi. Kumbe "sijui" yako ilikuwa mimi: ningeugua tena, ungebeba tena kuku, na hukutaka kumdanganya Mungu juu ya hilo. Nami nilikununia.

Mama hakwenda mbele kula. Alikuja akaketi karibu yangu, akashona suruali kwa macho, unamjua.

Jumapili nyingine nitakuwa hapohapo. Sogea kidogo, Baba, tuenee.

Ni mimi mwanao,
yule wa kuku mwekundu.